Barua kwa mpwa wangu anayeitaka Lanet

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia juzi usiku, sauti juu. Ati likizo nzima unaamka saa kumi na moja alfajiri, unaupanda mlima wa Riat mbio, ukirudi unalala kama gogo mpaka saa saba mchana. Vitabu vimo ndani ya sanduku la shule, hata kufuli hujagusa. Anataka nikukataze jeshi. Jeshi sikukatazi. Ninachotaka ni hilo sanduku lifunguliwe leo.

Pale mtaani kwenu mtu akisema jeshi, anawaza vijana uwanjani wakikimbizwa na kukaguliwa meno. Hao ni makuruta, wanaoanza kama askari wa kawaida, na wakipita huenda Eldoret kufunzwa. Wewe uliniambia unataka kuwa afisa. Afisa huanza kama kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, kwenye chuo cha kijeshi huku kwetu Lanet, Nakuru, na serikali ndiyo inayogharamia mafunzo, karo hulipi. Ndiyo maana wanaogombea ni wengi, na wengi wao huchujwa kwenye karatasi kabla hawajakimbia hata hatua moja. Kimo kinachotakiwa ni mita 1.60, uzani kwa wasichana kilo 50, umri miaka 18 hadi 26, na kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alama ya wastani isipungue B. Kimo unacho. Kilo utazipata kwa ugali wa nyanya yako. Hiyo B hakuna nyanya wa kukupikia.

Na zile ramani za jiografia unazozichukia, za kipimo cha 1:50,000? Afisa huishi nazo. Chukua moja, tafuta mahali mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, imebanana, kisha niambie gari litapita wapi na mtu wa miguu atapita wapi. Wewe tayari unaujua mteremko kwa magoti yako. Sasa ujue kuusoma ukiwa umekaa.

Sijawahi kukusimulia yangu. Mwaka niliojaribu nilikuwa mwepesi kama swala. Nikamaliza mbio wa nne, nikapimwa, nikapita. Tulipofika mezani, afisa aliweka kitambulisho changu kando ya cheti cha shule, akapitisha kidole juu ya jina la baba. Kwenye kimoja lilikuwa na herufi moja ya ziada. Akaniuliza, "Wewe ni nani kati ya hawa wawili?" Nilicheka nikidhani ni mzaha. Alishamwita aliyenifuata. Karani fulani aliandika vibaya, nami kwa miaka miwili nililiona kosa lile nikaliacha, kwa sababu foleni ya kulirekebisha ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo kabla hujasajiliwa kwa KCSE, linganisha jina lako herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu yule jirani anayesema ana mtu wake huko ndani: kujiunga hakulipiwi hata shilingi. Akitaja pesa tena, nipe simu.

Mama yako ananiambia jeshi si kazi ya msichana. Nimemtajia Fatuma Ahmed, aliyekuwa Meja Jenerali wa kwanza mwanamke nchini mwaka 2018 na baadaye akakabidhiwa Jeshi la Anga zima. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ameolewa. Unamjua dada yangu. Usibishane naye; mwonyeshe matokeo ya muhula, hoja hiyo anaielewa.

Usiache kukimbia, ila punguza, mara tatu kwa wiki yatosha. Na ukikosa mara ya kwanza, nenda chuo kikuu. Wahandisi na madaktari pia huingia kama maafisa wakishapata shahada, kwa hiyo mlango hauko mmoja.

Jumamosi nitapanda matatu ya asubuhi kutoka Nakuru. Nikifika Kisumu nikute mezani cheti chako cha kuzaliwa na ile karatasi ya hisabati ya muhula uliopita, uliyomficha mama yako. Hata kama umeikunjakunja.

Mjomba wako