Faili lina kazi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaolalamika kwamba serikali yetu inapenda mno karatasi. Ofisa huhamishwa, hustaafu au hufariki, lakini uamuzi wake huendelea kuwagusa watu kwa miaka mingi, na atakayekalia kiti chake hana pa kuuona isipokuwa katika faili, ambamo kila barua hupewa namba ya folio, yaani namba yake ya mfuatano humo, ili ikinyofolewa pengo lionekane. Ndiyo maana mtumishi anayestaafu hudaiwa barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini, hata kama ofisi nzima inamfahamu kwa sura. Mimi nilihangaika miezi minne kwa sababu masijala moja, yaani ofisi ya kutunzia mafaili, ambayo sitaitaja, ilipoteza barua yangu. Iliyoniokoa ni nakala niliyoiweka sandukuni, tena imetafunwa na mende pembezoni.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa tunayo tangu mwaka 2002. Halmashauri sasa zitenge fedha za makabati na ziajiri watunza kumbukumbu waliosomea kazi hiyo, badala ya kuifanya masijala mahali pa kumtupa mtumishi aliyekosana na mkuu wake.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro