Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mitaala: Bhai Gurdas apewe somo lake

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Somo la Elimu ya Dini ya Kihindu hapa Kenya linabeba Usikh pia, na Maguru kumi, viongozi wakuu wa Usikh, wanafundishwa. Tunaomba Bhai Gurdas, mwandishi na mhubiri wa Kisikh, aongezwe, maana bila yeye mwanafunzi haelewi kitabu kitakatifu kilivyopatikana.

Yeye ndiye aliyeandika kwa mkono Adi Granth, kitabu kitakatifu cha Wasikh, huko Amritsar, chini ya Guru Arjan, Guru wa tano, kazi iliyokamilika 1604. Wengi humwita mkusanyaji. Si kweli: Arjan ndiye aliyeamua kipi kiingie, Gurdas alikuwa mwandishi wake, na tungo zake mwenyewe hazimo.

Mwalimu awaoneshe wanafunzi mpangilio wenyewe. Tenzi nyingi zimegawanywa kwa raga, yaani mahadhi ya muziki wa Kihindi, na ndani ya kila raga Maguru hutangulia, kisha watakatifu kama Kabir na Ravidas. Maguru waliomo wote hujitaja kwa jina la Nanak, Guru wa kwanza, hivyo asiyeangalia kichwa cha utenzi hudhani zote zimetoka kwa mtu mmoja. Kinachowatenganisha ni neno mahalla na namba yake: 1 ni Nanak, 3 Amar Das, 5 Arjan. Namba hiyo ikikosewa, utenzi umepewa mtu mwingine. Tena maneno yaliandikwa yameshikana bila nafasi kati yake. Hapo ndipo uzito wa kazi ya Gurdas unapoonekana.

Alihubiri Agra na kwingineko, akaacha Var 40 (tungo ndefu) za Kipunjabi na kabit (mashairi mafupi) za Kibraj, lugha ya kaskazini mwa India. Var ya 1 inasimulia Nanak alivyofika Makka na Baghdad; ya 11 inawataja wafuasi kwa majina na miji yao. Sisi tungeanza na ya 26. Humo anayataja waziwazi manung'uniko ya watu juu ya Guru Hargobind, Guru wa sita, kwamba hatulii mahali pamoja, amefungwa na mfalme, anafuga mbwa na kuwinda, kisha anamtetea. Darasa likisoma hapo litamjua mhubiri aliyejibu hoja bila kuzificha.

Tahadhari moja: Var ya 41 isihesabiwe yake. Inamsifu Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, aliyezaliwa 1666, ilhali Bhai Gurdas alifariki Goindval 1636. Ni ya Gurdas mwingine wa baadaye.

Vipindi vitatu vinatosha: kimoja cha maisha yake, kimoja cha mpangilio wa Granth, kimoja cha Var ya 26.

Wako katika elimu,
Walimu wa somo hili