Umewajibu King's?

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, ila goti la bibi yako lina vituko vyake.

Mamako mdogo kaniambia King's, chuo hicho cha London, bado hujawajibu, eti nafasi ile ya udaktari waliyokupa ni ya wanaobebwa. Nani anabebwa? Nilimkalisha Hamisi anisomee karatasi zao mpaka akapiga miayo. Mpango huo wa udaktari wameuanzisha 2001, kwa ajili ya watoto wa shule za kawaida za serikali za huko Uingereza, wenye akili ila shule zao hazikuwafikisha kwenye alama zinazotakiwa. Miaka 6 badala ya 5. Masomo ya mwanzo yanakwenda taratibu, mnapata walimu wa kuwasaidia, kisha mnaingia wodini na wenzenu. Shahada ni ile ile. Umewajibu?

Mwaka mmoja ndio unakununisha. Huku nyumbani nako wanasoma miaka 5, bado intani, ule mwaka wa mazoezi hospitalini. Wapo wanaokamatwa na sapu, mitihani ya marudio, za anatomia mwaka wa kwanza tu, wakarudia mwaka na mkopo umesimama, wengine wakadisko, wakaondolewa chuo kabisa. Mwaka wao wa 6 umewaangukia, hawakupangiwa na mtu. Wewe unapangiwa tangu mlangoni, unajivuta.

Kichwa unacho, Makorora nzima inajua. Ukaidi nao unao, huo ni wa kwa baba yako, mimi simo. Hilo la kutaka uwe wa kwanza kila muhula najua lilianzia nyumba gani, tuyaache.

Ukishaingia, usiwe mtu wa kuungua homa kutwa nzima ukiulizwa unasema sijambo. Wakisema njooni tuwaeleze tena, nenda, hata kama unadhani umeelewa. Wala usiwafiche wenzio kwamba wewe ni wa miaka 6. Lakini kwanza uwajibu, nafasi hizi zina siku yake ya mwisho.

Ubuyu wako na kanga za mamako mdogo anakuja nazo binti wa jirani. Usiumalize ndani ya siku moja. Machungwa ya Muheza yamejaa sokoni, bei imeshuka. Bati la jikoni linavuja juu ya jiko hasa, lakini pesa usitume. Atatoa Hamisi, maana baiskeli ya babu yenu kaiuza bila kuniuliza.

Nipigie ukishawajibu, hata usiku wa manane.

Mamako