Barua kwa ndugu wa mgonjwa: homa ya kemo haina kikao

Wanangu, wifi zangu, mashemeji na majirani mnaoingia na kutoka nyumbani kwa binti wa kaka yangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Binti huyu ameondolewa titi kwa saratani, sasa yumo kwenye kemo, zile dawa kali za kuua saratani, na wanaomchosha kuliko ugonjwa ni sisi tunaosema tunampenda.

Mnaujua usiku ninaousema. Ilikuwa siku ya kumi tangu atundikiwe dripu, mwili ukashika moto. Mdogo wake akampima, kipimajoto kikasoma nyuzi 38.4. Hapo ndipo wakubwa mkafungua kikao. Mmoja akasema ni uchovu tu, apewe vidonge vya homa alale. Wa pili akataka akandwe maji. Wa tatu, aliyeshinda mchana kutwa akikohoa ubavuni mwa kitanda, akasema hospitali watamwongezea sumu ileile. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa cha kichwa kimemteleza, meno yanagongana, mkononi ameshika kadi ya kliniki. Hakuna aliyemuuliza kadi ile imeandikwa nini. Imeandikwa: homa ya nyuzi 38 au zaidi, piga simu saa yoyote. Mdogo mtu ndiye aliyepiga, ninyi mkiwa bado mnabishana, na usiku uleule akalazwa.

Sikilizeni basi, maana sitaki kikao kile kirudiwe. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Saratani ni hivyo, lakini mizizi ya nywele nayo ni hivyo, utando wa mdomo na wa tumbo ni hivyo, na uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe za damu ni hivyo. Chembe hizo ndizo askari wa mwili, na mara nyingi hupungua kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Homa ya siku hizo ni dharura, hata kama mgonjwa anaongea na kutabasamu. Anahitaji kupimwa damu na kuanzishiwa antibiotiki upesi, usiku huohuo. Kidonge cha kushusha homa kabla hajaonwa na daktari kinaficha dalili, na maambukizi yanaendelea kumla chini kwa chini. Mtu anaweza kufa kwa homa ambayo ninyi mliiita ya kawaida.

Kwa hiyo mwenye mafua abaki kwake, apige simu. Asiye na mafua anawe mikono kabla ya kumsogelea. Hakuna atakayeonekana mwenye kiburi kwa hilo.

Mengine nayataja tu, ninyi ni watu wazima. Msimsimulie habari za waliokufa kwa ugonjwa huu. Msimwombe awaonyeshe kovu. Dawa za majani msimpe kwa siri, kwa sababu nyingine huvuruga kazi ya dawa za hospitali, na daktari hawezi kujua asichoambiwa. Asipokula, msimlazimishe: mdomo una vidonda na chakula kimebadilika ladha. Mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapani unaweza kuvimba hata baada ya miaka, mkiuona umeanza mrudisheni kliniki.

Na wewe mume wake, mwanangu, nimekuona unavyogeuza uso anapobadili nguo. Najua si chuki, ni uchungu. Yeye hajui. Mtazame, mshike, mwambie unaogopa. Ukienda naye kwa daktari chukua daftari uandike, kwa kuwa mwenye hofu husikia nusu ya anayoambiwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma, na hili ni letu sote. Mwanamke akipata saratani ya matiti tunaanza kutafuta kosa: kalogwa na nani, kanyonyesha vipi, kafanya nini ujanani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake na umri wao. Hata wanaume huipata, ingawa wachache. Maneno yetu hayo ndiyo yanayowafanya wengine wafiche uvimbe mpaka titi linachubuka, halafu tunalia msibani kwamba alichelewa. Alichelewa kwa sababu alituogopa sisi.

Juma la kwanza nyumba ilijaa hadi viti vikakosekana. Sasa sebule ni tupu na matibabu bado ni marefu. Baada ya kemo kuna mionzi, na baada ya mionzi ameandikiwa vidonge vya kuzuia homoni, kila siku kwa miaka mitano, pengine hadi kumi. Atakuwa amerudi kazini, nywele zimeota, nanyi mtasema amepona, huku viungo vinamuuma na usingizi hauji. Msimwambie aache vidonge eti anaonekana mzima.

Mionzi inaanza mwezi ujao, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma kadhaa mfululizo. Sitaki orodha ya watakaokuja kumjulia hali. Nataka majina ya watakaompeleka na kumrudisha, na ya watakaobaki na watoto, kila mtu na siku yake. Mpeni mdogo wake majina hayo kabla ya Jumapili.

Ni mimi shangazi yenu.