Dawa yetu inaozea kwenye gunia kabla ifikie mgonjwa

Bwana Muhariri, jambo, na jambo kwa wote wenye wanasomaka gazeti lenu.

Mi niko mama muuzaji wa dawa za kienyeji hapa Kadutu, Bukavu, hii kazi nilianza nayo pamoja na bibi yangu wakati alikuwa angali na nguvu ya kupanda mlima kutafuta majani. Naandika juu kila mwaka ikifika tarehe 31 Agosti, ile siku ya dawa za asili za Afrika, wakubwa wanatuambiaka tutafute etiketi nzuri, tutafute sasheti (vifuko) za rangi, ili dawa yetu iuzwe mpaka Goma, Kinshasa na ng'ambo. Ni vizuri, sikatai. Lakini sijasikia hata mmoja mwenye anauliza yale majani yalikaukia wapi na yalilala wapi, na mimi naona shida yote iko pale.

Acha niwaeleze yenye ilinipata. Novemba mwaka jana nilikuwa na magunia mbili ya mubirizi na moja ya muravumba, yote majani ya dawa, mteja mmoja wa Goma alishasema atachukua yote. Mvua ikanyesha karibu wiki mbili haikatiki, nanyi mnajua Bukavu ikishaanza mvua Septemba hatuna jua la kuaminika mpaka mwezi wa tano huko. Nyumba yangu ni chumba na sebule, watoto wanalala, vyombo viko, basi magunia niliyaweka chini kwenye sakafu ya simenti, yameegemea ukuta. Siku ya kuyapeleka kwenye boti nikasema ngoja nifungue kwanza niangalie, nikaingiza mkono mpaka katikati ya gunia nikasikia moto. Moto kabisa, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Nikatoa konzi moja, majani yameshikana, yako na unga wa kijivu juu yake, na ile harufu ya nguo zenye zililoweshwa zikasahaulika kwenye ndoo. Mwenzangu mmoja akaniambia, dada, anika tu siku mbili kwenye jua, upepete, hakuna mtu atajua.

Nilichoma yote. Magunia yote matatu, na pesa yake ilikuwa ya masomo ya watoto.

Nilichoma juu ile kuvu haiko uchafu wa kupepeta. Ziko kuvu zenye zinatoa sumu inaitwa aflatoksini, inaharibu maini na inaleta kansa, na ukichemsha maji yako ya dawa hata saa nzima sumu haitoki. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa juu ya mahindi yenye yalikuwa na hiyo sumu, mahindi yalihifadhiwa na unyevu. Na mahindi anakula mtu yeyote, mzima na mgonjwa, lakini dawa yangu anakunywa mtu mwenye mwili wake umeshachoka, pengine maini yake tayari yana shida, pengine ni mama mwenye mimba. Namuuzia nini sasa?

Wamama wenzangu, na nyinyi wababa wenye mnaleta mizizi kutoka milimani, hebu tuambiane ukweli kuhusu namna tunakaushaka. Jani bichi sehemu kubwa ni maji tu, kwangu kilo tano mbichi zinanipa kama kilo moja kavu, na ile hesabu njo inatufanya tufunge haraka, juu jani lenye halijakauka vizuri linapima zaidi kwenye mizani. Tunaanika kando ya barabara kwenye bashi (turubai) nyeusi, magari yanapita, vumbi, moshi, kuku. Jua kali linapiga majani mpaka yanakuwa manjano kama majani ya chai iliyokwisha kunywewa, harufu yote imeenda. Majani yanataka kivuli na upepo, yatandazwe membamba juu ya wavu, ugeuze kila siku, na kama unatumia moto basi yale yenye harufu yasipite joto la digrii 40 hivi. Mizizi na maganda yenyewe yanavumilia jua, lakini uoshe kwanza na ukate vipande vidogo ingali mbichi, ukisubiri ikauke nzima inakuwa jiwe na ndani yake bado maji.

Wengine tunakaushia juu ya makaa jikoni. Jani linaonekana kavu lakini limekunywa moshi, na joto limeua kazi yake. Yule mama wa China, Tu Youyou, mwenye alipata zawadi ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria ya artemisinini, alihangaika sana juu ya joto hilohilo, walipokuwa wanachemsha mmea wa artemisia matokeo hayakuwa mazuri, alipotumia etha, maji ya maabara yenye inachemka kwenye digrii 35 tu, dawa ikatoka. (Na kwa sababu nimetaja hiyo, wenye wanauza chai ya artemisia wakisema inaponya malaria waache, OMS, Shirika la Afya Duniani, yenyewe ilisema haikubali chai hiyo kwa malaria, juu kipimo chake hakijulikani, leo nyingi, kesho kidogo.)

Kuna jambo lingine linaniuma sana na sijasikia mtu akilisema. Chandarua. Vile vyandarua vya kugawa bure vya mbu, tunavikata tunatengeneza wavu wa kuanikia dawa. Jamani, vile vimewekewa dawa ya kuua wadudu! Unaanika jani bichi lenye maji juu ya sumu ya mbu siku tano, halafu unampa mtoto wa mtu anywe. Mimi pia nilifanya hivyo zamani, sikujua. Leo nanunua wavu wa plastiki mpya sokoni, si ghali, na naukaza kwenye fremu ya mbao.

Kujua kama limekauka haihitaji diplomu. Jani likishikwa livunjike na lilie, kikonyo chake kikikunjwa kikatike tak, kikipinda bado. Na bibi alinifundisha hii: weka konzi moja kwenye chupa ya kioo safi, funga, acha kwenye jua saa moja, ukiona matone ndani ya kioo rudisha kwenye wavu. Kwenye viwanda wanataka unyevu usipite sehemu 10 mpaka 12 kwa 100, chupa ya bibi haikupi namba lakini inakuokoa na gunia kuchomwa.

Kuhifadhi nako. Gunia lisikae chini, liwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta ili upepo upite nyuma. Chumba giza, pakavu, bila bidoni (jerikeni) ya mazuti (dizeli) wala sabuni wala samaki, majani yanavuta harufu yote. Andika kwenye gunia jina, tarehe ya kuvuna, na mahali ilitoka, na jina usiandike la kikabila peke yake, juu jina moja kwa Washi linaweza kuwa mti mwingine kabisa kwa Wahavu, tafuta mtu wa botanike akuandikie jina la kisayansi. Na usisage mpaka mteja aje, unga unapoteza nguvu mbio na ni rahisi mtu kuchanganya na vitu vingine.

Bwana Muhariri, hii kazi haiko ngeni kwetu. Wajapani walipokamata kisiwa cha Java huko Asia mwaka 1942, kule kwenye kulikuwa kunatoka karibu kinkina yote ya dunia (mti wenye ganda lake linatoa kwinini, dawa ya malaria), mashamba ya kinkina ya Kivu yakatafutwa sana, na kwinini imetengenezwa hapa Bukavu miaka na miaka, kila mtu hapa anajua kiwanda cha Pharmakina. Ganda la kinkina bei yake inategemea kipimo cha kwinini yenye iko ndani, likiharibika unyevu ukaliingia linakataliwa. Wazee wetu walikausha vile. Sisi tunafunga majani yenye maji kwenye sasheti ya rangi.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Sisi wauzaji tunalipa kodi ya soko kila siku mvua inyeshe, jua liwake. Katika hiyo pesa watujengee hapo sokoni nyumba moja tu ya kukaushia, paa la mabati, kuta za wavu, rafu, sakafu ya juu, na mashine ndogo ya kupima unyevu yenye itatunzwa na chama chetu. Etiketi tutazinunua wenyewe baadaye. Nimeshanunua mbao kumi na mbili za rafu kwa ajili ya nyumbani, ziko zimelala kwenye ukuta juu sina nafasi, siku wataanza kujenga nitazileta zote, na niko tayari kufundisha ile ya chupa kwa mwenye atataka.

Aksanti kwa nafasi.

Mama muuza dawa za kienyeji, Kadutu, Bukavu