Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njozi za Watoto, Waandishi Wengi

Wanachama wenzangu, wazazi na walimu,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Langu ni vitabu vya njozi vya watoto, ile mifululizo inayoandikwa na waandishi wengi, na nitaanza na mkanganyiko wa Fire and Ice.

Kadi zetu za kuazima ziliandikwa jina la kitabu peke yake. Kumbe Fire and Ice ni viwili: kimoja ni namba 2 katika Warriors, mfululizo wa koo za paka wa msituni, kilichotoka 2003 kwa jina la Erin Hunter, kingine ni namba 4 katika Spirit Animals, mfululizo wa watoto waliounganishwa na wanyama wao, kazi ya Shannon Hale. Mtoto aliyekuwa akingoja habari za paka Fireheart akapewa za Abeke na chui wake. Sasa kadi ina mfululizo, namba, kisha jina, kwa utaratibu huo. Namba imebandikwa pia kwenye mgongo wa kitabu, sentimita 2 kutoka chini, ili pengo rafuni lionekane mara moja.

Si kila mfululizo unadai kusomwa kwa utaratibu. Spirit Animals unadai: ukiruka namba 1, Wild Born ya Brandon Mull, kilichotoka 2013, hutajua kwa nini watoto wanne wanahangaika kutafuta hirizi za Wanyama Wakuu. Warriors unadai zaidi, kwa sababu paka hubadilishiwa jina kila anapopanda cheo. Rusty, Firepaw na Fireheart ni paka yule yule (naishia hapo, nisiwaharibie utamu), na mtoto anayeanzia katikati hudhani ni watatu. Rainbow Magic huja kwa mafungu, mengi yakiwa ya vitabu 7, kila kitabu na kichimbakazi wake. Beast Quest nao kwa mafungu, ya mwanzo yakiwa ya vitabu 6, kila kitabu na dude lake. Hiyo miwili hata ukianzia katikati hupotezi mengi. Kwa hiyo sokoni Kibuye, Kisumu, tununue nakala mojamoja za Rainbow Magic na Beast Quest bila wasiwasi, lakini Warriors na Spirit Animals tusiguse kama namba 1 hatuna. Jalada zuri si hoja.

Watoto huuliza Erin Hunter ni nani. Hayupo; ni jina la kalamu. Kate Cary aliandika vitabu 2 vya kwanza vya Warriors, Cherith Baldry akaingia cha 3, naye Victoria Holmes akipanga visa na kuhariri. Daisy Meadows wa Rainbow Magic na Adam Blade wa Beast Quest nao ni majina ya kalamu tu. Mwenye mkono halisi mtafuteni kurasa za mwanzo, kwenye mstari mdogo wa shukrani maalumu. Mchezo uliopendwa mwaka huu ulitokana na mstari huo: ufunike, soma kurasa 2 za kitabu cha pili cha Warriors na 2 za cha tatu, kisha kikundi kiseme kama mwandishi ni mmoja. Wengi hukosea, na sifa hiyo ni ya mhariri. Katika Spirit Animals kila mwandishi ametia jina lake jaladani, na sauti hubadilika waziwazi. Mimi huupenda zaidi huo, ingawa najua nusu ya kamati haikubaliani nami.

Hadithi waliyoiandika kwa zamu watoto wetu wenyewe ilihusu Simbi Nyaima, ziwa ambalo masimulizi ya Wajaluo husema lilimeza kijiji kilichomfukuza kikongwe. Sura 6, waandishi 6. Katika sura ya 2 kiboko anazungumza; katika ya 5 ni bubu, na hakuna aliyeeleza. Kosa lilikuwa letu, kwani kila mtoto alipewa sura iliyotangulia yake tu. Awamu ijayo tutaanza na daftari kuu: ukurasa kwa kila mhusika (umri, rangi ya macho, anachoogopa), ramani, na ukurasa wa mambo ambayo uchawi hauwezi kuyafanya. Huo wa mwisho ndio muhimu kuliko yote. Uchawi usio na mpaka huua kisa. Kila mwandishi atapewa nusu ukurasa wa muhtasari, sura inaanzia wapi na inaishia wapi, na msomaji mmoja asiyeandika sura yoyote atakagua zote. Wasivunjike moyo: hata Warriors, yenye orodha ya wahusika mwanzoni mwa kila kitabu, wasomaji wamewanasa paka waliobadilika rangi ya macho.

Kuhusu utunzaji, unyevu wa ziwa huleta ukungu, hivyo rafu zikae sentimita 5 kutoka ukutani. Ukurasa uliochomoka upakwe gundi nyeupe kidogo kwa brashi, uwekewe karatasi ya nta pande zote mbili, kisha kitabu kilaliwe na uzito saa 24. Selotepu hapana, tafadhali. Hugeuka njano, huchanika, na gundi yake hunatisha kurasa za jirani.

Tunakosa Spirit Animals namba 5, Against the Tide ya Tui T. Sutherland. Atakayekiona Kibuye afungue kurasa za mwisho kabla ya kulipa, maana hizo ndizo hutangulia kung'oka.