Mstari wa Kwanza Ndiyo Kazi Yenyewe

Nyakato, Mwanza

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama huko Bukoba. Uliniuliza kwenye simu ni kitu gani kinachonikalisha karakana hadi usiku, na salio likakata kabla sijamaliza kueleza.

Ninajifunza kukata miraba kwenye chuma kwa tupa ya mkono, ile miraba midogo yenye ncha inayofanya mpini usiteleze. Wenye ufundi huu ni mafundi wa bunduki. Bastola ya 1911, aliyoibuni John Browning na Jeshi la Marekani likaipokea mwaka huohuo, ilitoka kiwandani mbele ya mpini pakiwa laini tupu, ndipo mafundi wakawa wanapachonga miraba ili mkono wenye jasho upate pa kushika. Mimi silaha siigusi. Bila leseni sheria hairuhusu, na wala sina haja nayo. Ufundi huo nimeuleta kwenye visu vya samaki. Pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni wapasuaji wa sangara wana utelezi mikononi kutwa nzima, na kisu kikiponyoka kinaingia kiganjani. Unakumbuka mdogo wangu alivyoshonwa nyuzi.

Tupa yenyewe si ya kawaida. Meno yake yamepangwa kwa mistari sambamba. Yangu ina mistari 20 kwa inchi, yaani kutoka mfereji hadi mfereji ni milimita 1.27. Ukishakata mifereji ya kwanza, unaisogeza tupa pembeni kidogo: baadhi ya mistari yake inakaa ndani ya mifereji iliyokwisha kukatwa, iliyobaki inakata mipya. Ya zamani ndiyo inayoongoza. Sasa ona, mstari wa kwanza ukipinda unene wa unywele tu, yote inayofuata inarithi lile kombo. Mzee anayenifundisha hupaka chuma wino wa buluu wa maka peni, hupima katikati, huchora kwa sindano ya chuma, kisha hufunga kando yake kipande kilichonyooka ili tupa iegemee hapo. Wakati huo hataki kuongeleshwa, na namwelewa kabisa.

Halafu usizamishe mapema. Mistari ya urefu kwanza, yote, mepesi kama mkwaruzo. Kisha ya kukatisha, nayo mepesi. Eneo zima likikaa sawa ndipo unarudi kuongeza kina. Tupa hukata ikisukumwa mbele, kwa hiyo ukirudi inyanyue. Meno yapake chaki, chengachenga za chuma zisigande humo zikachubua kazi.

Mwisho unashika tupa ndogo ya pembetatu, unapita mfereji mmoja mmoja. Hapa ndipo ninapopapenda. Inamisha mpini chini ya taa: kila mraba ambao bado una ubapa juu unang'aa kidoa cheupe. Ukichongoka sawasawa, kidoa kinazimika. Unavifuata vidoa hivyo kimoja baada ya kingine mpaka uso wote unakuwa wa kijivu, halafu unapitisha msasa kidogo, maana mpasuaji atakishika kisu tangu alfajiri na ncha kali zitamchuna.

Kwa visu naona mistari 20 inafaa kuliko 30. Ile 30 inapendeza machoni, lakini uchafu wa samaki hujificha humo na brashi haifiki. Wanaotengeneza kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, nawaambia wasuuze mpini vizuri na kuupaka mafuta ya kupikia, kwani chumvi ikilala kwenye mifereji, kutu huanzia humo. Na chuma kiwe bado laini. Kikishachomwa na kuzimwa kwenye mafuta, tupa huteleza juu yake na kuisha meno, kwa hiyo mpini nauchonga kabla.

Ukija mwezi ujao, njoo na ile nyundo yako ya mpini wa chuma, tuifunge kwenye jiliwa tuianze pamoja. Na kama una mtu anayekwenda Kampala, naomba aniulizie tupa ya mistari 25. Bei yake nitairudisha mara moja.

Msalimie sana shemeji.

Ni mimi rafiki yako wa Nyakato